Buluu Inayorudi Haihesabiwi

Siku niliyokabidhi ufunguo wa kabati la madawa, kijana aliyeupokea aliniuliza, kwa heshima zote, kama ni kweli kwamba wakati wa Zaire tulipima klori kwa macho tu. Nikamjibu kwamba tulipima kwa macho, kwa muhogo, kwa dawa ya wapiga picha na kwa ukaidi, na kwamba kati ya hivyo vinne, ukaidi ndio pekee ambao haukuwahi kutuishia ghalani. Akacheka sana. Alidhani ni mzaha wa mzee anayeaga. Basi nimekaa barazani kwangu hapa mtaa wa Kasuku, nimevaa miwani, ninawaandikia nyinyi wote mliobaki kwenye meza ile, ili mwenye kucheka acheke akijua anachocheka.

Vyeo sitavitaja. Mshahara pia sitautaja, kwa sababu miezi mingi wenyewe haukujitaja.

Niliingia kiwanda cha maji cha Kindu nikiwa na diploma ya masomo ya jioni. Wenzangu waliosoma mchana walikuwa na mwalimu, ubao na jua. Sisi tulikuwa na mwalimu, ubao, taa moja ya petroli na mbu wakubwa kama kuku, ambao nasema kweli walijua kemia kutushinda, maana hawakukosa somo hata moja. Hiyo diploma nilitaniwa kwayo miaka yote ya kazi. Wakiniona nasinzia baada ya chakula, wanasema mwacheni, njo saa yake ya masomo imefika.

Laboratwari ilikuwa chumba kimoja nyuma ya pampu, dirisha moja likiangalia mto Lualaba, na joto ambalo hata asidi ilikuwa inatafuta kivuli. Aliyekuwa mkubwa mle ndani ni Mzee Amisi, mtu wa mtaa wa Mikelenge, kofia nyeupe, ndevu fupi, na Kiswahili ambacho kila neno lilitoka limepigwa pasi. Alianza kazi hiyo kwa Wabelgiji kama muosha chupa. Wakaondoka Wabelgiji, wakaondoka waliokuja baada yao, yeye akabaki na chupa zake.

Kazi aliyonipa asubuhi ya kwanza ni ile ile ambayo nimeifanya mpaka nikatoka: kupima nguvu ya unga wa klori. Wengine mnaosoma haya mlikuta mashine, kwa hiyo nieleze. Unga unatoka kwenye pipa, unasagwa na maji. Unatia chumvi ya iodidi, unatia siki kali. Klori iliyo hai inaifukuza iodi humo, na maji yanageuka rangi ya chai ya rangi. Kisha, kutoka kwenye bureti, ile neli ya kioo yenye namba, unadondosha iposulfiti, ambayo kazi yake ni kuila iodi. Chai inakuwa nyepesi, nyepesi, mpaka ifikie rangi ya majani makavu. Hapo njo unatia wanga, na chupa nzima inageuka buluu, buluu ya wino. Unaendelea tone kwa tone. Ghafla, kwa tone moja tu, buluu inatoka, maji yanakuwa meupe kabisa. Mahali bureti ilipofika wakati huo, hiyo ndiyo nguvu ya unga wako. Maji ya mji mzima yanakaa juu ya tone hilo.

Mimi, kwa haraka ya kuonyesha diploma, nikatia wanga mwanzoni kabisa. Buluu ikaganda. Nikadondosha, nikadondosha, haitoki, inazungukazunguka chini ya chupa kama uji ulioshika. Mzee Amisi akaiinua chupa yangu juani. Kisha akasema, "Umemkaribisha mgeni chungu kingali jikoni. Sasa hatoki." Nikamwaga, nikaanza upya. Nikamwaga tena. Mpaka saa ya chakula nilikuwa nimemwaga buluu ya kutosha kupaka kanisa.

Wanga wenyewe tulitengeneza. Chupa ya wanga wa Ulaya ilikwisha zamani, na hakuna aliyekumbuka ilikuwa na sura gani. Mzee alinifundisha kukamua muhogo mbichi, kuacha maji yatulie, kuchukua ile nyeupe ya chini, kuianika na kuipika kidogo. Muhogo mbichi, si ule wa kuloweka. Wa kuloweka umeshachacha, na ukiutumia hupati buluu, unapata rangi ya zambarau yenye wasiwasi ambayo haijui inaanza wala inaisha. Iposulfiti ikikosekana tuliiomba kwa mpiga picha wa karibu na stesheni, maana yeye anaitumia kushikisha picha zake. Kuna miezi ambayo Kindu ilibidi ichague: maji safi au picha za harusi.

Na bureti. Tulikuwa na moja. Ncha yake ilivunjika kabla sijazaliwa kazini, ikatiwa kipande cha mpira wa baiskeli na kibanio. Namba zake zilikuwa zimefutika kwa kupanguswa, kwa hiyo tulizisoma kwa viungo vya mwili: shingo, kifua, kitovu, goti. Unga mzuri, uliofika ukiwa kavu, uliishusha bureti mpaka goti. Kitovu, unavumilia, unaongeza unga kidogo kwenye tangi. Kifua, unapiga simu Bukavu kwa wakubwa. Shingo haikuwahi kutokea wakati wa Mzee Amisi, na tulikuwa tukiizungumza kama watu wanavyozungumza tetemeko la nchi.

Sasa nifike kwenye desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyotokea. Kwa Mzee Amisi, hakuna rangi iliyokubalika kwa jicho moja. Msikitini kwao, mwezi mwandamo hautangazwi kwa sababu mtu mmoja amesema ameuona, hata awe nani. Wanatakiwa wawili waaminifu, na kila mmoja anaulizwa peke yake: ameuona upande gani, pembe zimeelekea wapi. Mzee alikuwa akiitwa shahidi wa mwezi kila mwaka, na desturi hiyo akaileta mezani. Mmoja anashika kibanio. Mwingine anasimama upande wa pili, karatasi nyeupe nyuma ya chupa. Wote wanatazama chupa, hakuna anayetazama bureti. Buluu ikitoka, kila mmoja anasema "imetoka." Mkisema kwa sauti moja, ndipo mnainua macho kusoma. Mmoja akichelewa, mnamwaga, mnaanza. Nikamuuliza kwa nini tusitazame bureti. Akasema jicho likiona namba litaanza kuipenda.

Mimi ni mtoto wa katekista wa Kailo, na wakati huo nilikuwa na mdomo. Nikamuuliza kama chupa nayo itafunga mwezi wa Ramadhani. Hakukasirika. Alinipa chupa zote za kuosha.

Jambo la mwisho alilonifundisha kuhusu buluu ni hili. Wakati mwingine umemaliza, mmesema wote wawili, mmesoma, chupa iko mezani, na baada ya muda buluu inarudi yenyewe. Mwanzoni niliruka kwenda kuongeza iposulfiti. Akanishika mkono. "Iliyorudi haihesabiwi," akasema. "Mwezi ukiingia winguni na kutoka tena, haujaandama mara mbili."

Mzee alipokwenda pensheni, nikaletewa Zaina. Alitoka Alunguli, kila asubuhi anavuka mto na pirogi, mtumbwi wa abiria, na alikuwa na macho ambayo, siongezi sana, yangeweza kuona samaki akifikiria. Wiki ya kwanza alinikamata nimechelewa kusema "imetoka" mara mbili mfululizo, akaniita yaya, yaani ndugu mkubwa, akasema, "Yaya Kikuni, macho yako imetangulia pensheni, wewe umebaki." Nilimpenda hapo hapo kama dada wa tumbo moja. Kazi yake ilikuwa bado ya majaribio. Alikuwa na watoto watatu, na mume aliyekwenda kuchimba kasiterite, mawe ya bati, huko Pangi akasahau njia ya kurudi. Ili aandikwe kazini kwa kudumu lilihitajika neno moja la direkta, na neno hilo lilikuwa likisubiriwa tangu mvua zilizopita.

Direkta alikuwa Sitwayeni Ekanga. Wakati ule hakuna bwana wala bibi, wote ni sitwayeni, yaani mwananchi. Alikuwa na abakosti, koti la wakubwa wa enzi hizo, ambayo mikunjo yake ingekata mkate. Msifikiri alikuwa mjinga. Alisoma kemia chuo kikuu, mchana kweupe, na alijua mambo ya klori kunishinda mimi mara kumi na mbu wangu wote pamoja. Tena alikuwa mtu wa kucheka, wa kuuliza habari za watoto. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiahidi wakubwa kitu, kitu hicho kwake kimeshakuwa.

Mwaka huo mapipa ya klori yalichelewa mno. Gari la moshi lilikwama sijui wapi, mapipa yakashushwa, yakakaa kwenye mvua kando ya reli, yakapakiwa tena. Yalipofika, vifuniko vilikuwa na kutu ya kukwanguliwa kwa kisu. Na yalifika wakati mbaya. Mkubwa wa chama alikuwa anakuja kutoka Bukavu kwa sherehe, na Sitwayeni Ekanga alikuwa ameshatembeza kipaza sauti mjini kwamba klori mpya imefika, kwamba maji ya Kindu sasa ni maji ya kunywa bila hofu, zawadi ya chama kwa wananchi. Watu walifurahi, na walikuwa na sababu. Mvua zilikuwa zimechafua mto, watoto wa Alunguli walikuwa wakiharisha, na dispansari ilikuwa imejaa hadi barazani. Waliposikia maji yamepona, wengi waliacha kuchemsha. Makala, yaani mkaa wa kupikia, ni kazi kuyapata wakati wa mvua.

Nilifungua pipa la kwanza na Zaina. Unga mzuri wa klori ukifungua unakupiga pua, nawe unalia kama umefiwa. Huu ulinuka ukuta uliolowa. Zaina akainamisha kichwa ndani kabisa, akatoka, hajapiga hata chafya. Tukatazamana.

Tukapima. Siki tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwisho, ile kali wanayotumia wagandisha mpira wa mashamba ya njia ya Lubutu. Zaina alikuwa ameificha kwenye kichupa nyuma ya kabati. Maji hayakufika hata rangi ya chai. Tukatia wanga, nikadondosha kidogo tu. "Imetoka," tukasema pamoja. Tukainua macho. Bureti ilikuwa shingoni.

Tukamwaga, tukachukua pipa la pili. Shingoni. La tatu, shingoni. Nikaenda kumwita direkta.

Alikuja akicheka, akakunja mikono ya abakosti. Akasema kwa upole siki yenu imezeeka, tutumie asidi yenye nguvu, akamtuma dereva kuleta asidi ya batri garajini. Nilijua anafanya nini, na alijua kwamba najua. Unga wa klori ukioza, sehemu ya klori inageuka chumvi nyingine. Chumvi hiyo haiui hata kiluwiluwi. Siki haiigusi. Lakini asidi kali inaiamsha polepole, na ikiamka inaachia iodi, na iodi inarudisha buluu. Ni kama kuhesabu kura za maiti.

Tukapima kwa asidi yake, dirishani, juani. Buluu ikatoka bureti ikiwa shingoni, kama awali. Mimi na Zaina tukasema. Direkta akangoja. Haikuchukua muda, buluu ikaanza kurudi chini ya chupa, kidogo kidogo, kama moshi.

"Iko inarudi," akasema. "Dondosha tena."

"Inarudi, sitwayeni direkta, lakini haihesabiwi."

"Nani alisema?"

"Mzee Amisi."

"Mzee Amisi iko kwenye kamati kuu ya chama?"

Nikamwambia hapana, Mzee Amisi yuko Mikelenge anauza ubani. Direkta akacheka kweli, akanipiga bega, akanyoosha mkono akashika kibanio mwenyewe. Akadondosha. Buluu ikatoka. Akangoja, ikarudi. Akadondosha tena. Alikuwa na subira ya mvuvi. Akamwita dereva, akamwita mtunza ghala, akawaita walinzi wawili wa lango, waje waone kwa macho yao. Nao wakaona: buluu kweli ilikuwa inarudi, kila mara. Mpaka anachoka, bureti ilikuwa imefika kitovuni.

"Kitovu," akasema. "Kitovu munavumilia, si njo vile?"

"Sitwayeni," nikasema, "jaribu hivyo na siki."

Zaina alikuwa ameshatayarisha chupa nyingine kwa matone ya mwisho ya siki. Buluu ilitoka shingoni. Tukakaa watu saba tukiitazama chupa, na maji yakabaki meupe. Wale walinzi walichoka, wakaanza kuangalia mto. Direkta alitazama kuliko wote. Kisha akafuta mikono kwa leso.

"Tutatumia ile ya asidi," akasema.

Kiwandani kwetu, nguvu ya klori iliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa chumba cha tangi, na mtu wa tangi anatia unga kufuata ubao. Anayeandika ni mpimaji, baada ya sauti mbili. Direkta akanipa chaki. Nikaiweka mezani. Akaiokota, akanipa tena, kama mtu anayempa mtoto kijiko. Nikamwambia mkono wangu wa masomo ya jioni haujui kuandika kitovu mahali pa shingo, tulikuwa hatujafika somo hilo. Hapo kicheko chake kikaisha.

Kesho yake akaitisha mkutano wa seli ya chama uani, wafanyakazi wote. Kwanza tukaimba na kucheza animasyo, zile ngoma za kusifu chama, kama kawaida. Mtunza ghala alikuwa na kiuno ambacho, kingekuwa pampu, kingetosha zone zote tatu za mji. Kisha direkta, ambaye ndiye alikuwa pia mwenyekiti wa seli, akaeleza kwamba kuna mtu anayetaka kuaibisha Kindu mbele ya mgeni. Hakunitaja. Kila mtu akanigeukia. Akasema mambo ya sayansi si ya ubishi, ni ya mashahidi. Akauliza nani aliiona buluu ikirudi. Dereva akainua mkono. Mtunza ghala akainua, walinzi wote wawili. Na hawakusema uongo, jamani. Waliiona.

"Sitwayeni Kikuni?"

Nikasema niliiona ikirudi. Nikasema pia mwezi hauandami kwa amri. Wengine wakacheka kwa kuficha midomo, lakini mimi nilikuwa mmoja. Kwa desturi niliyoishikilia mwenyewe, neno langu peke yangu halikuwa na uzito wa unyoya.

Direkta akamgeukia Zaina. Sauti yake ikawa laini. Akasema sitwayeni Zaina ni mama, ni mfanyakazi mwema, na kwamba karatasi zake za kazi ya kudumu ziko mezani kwake, anataka kuzimaliza kabla ya sherehe. Kisha akamuuliza aliona nini.

Zaina akasimama. Alikuwa ameshika ncha ya kikwembe chake. Nasema wazi: wakati ule sikumwombea aseme kweli. Niliwafikiria watoto watatu na nikatamani aseme jambo lolote, akae.

"Niliiona ikirudi," akasema.

Direkta akaitikia kwa kichwa, akageuka kuondoka. Zaina hakukaa.

"Lakini haukuniuliza ilitoka wapi, sitwayeni direkta. Ilitoka bureti ikiwa shingo. Miye nilisema, na yaya Kikuni alisema, mara moja sisi wote wawili. Iliyorudi nyuma ni ile asidi yako inaongea. Watoto wangu wanakunywa ile maji."

Dereva, aliyekuwa bado ameinua mkono, akaushusha polepole akajifanya anajikuna.

Hatukufukuzwa, kufukuza watu wiki ya sherehe ni kelele. Mimi nilipelekwa ghala la aluni, shabu ya kutulizia matope ya mto, kubeba magunia, na Zaina akapelekwa kuosha chupa, majaribio yake yakarefushwa bila mwisho. Direkta mwenyewe akaandika kwa chaki ubaoni. Aliandika vizuri, lazima niseme. Mwandiko wa chuo kikuu.

Nyinyi vijana mtaniuliza tulipata faida gani. Ubao ulisema kitovu, tangi likatiwa unga wa kitovu, mji ukapewa maji yenye klori ya kunusa tu. Ndiyo. Lakini walisahau kutuziba midomo, na mdomo wangu, kama nilivyowaambia, ulikuwa mkubwa. Sikutoa siri yoyote ya serikali. Nilikwenda na bidoni yangu ya kuchotea maji kwenye bomba la Kasuku kama mtu yeyote, nikapanga foleni, nikawaambia wanawake kwamba kwangu tunachemsha. Mmoja akauliza kwa nini, na kipaza sauti kimesema maji ni mazuri. Nikamwambia mimi napenda tu ile sauti ya maji yakichemka, inaniletea usingizi. Wakanitazama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kama nayapenda yachemke kidogo au sana. Nikamwambia sana. Sana kabisa.

Zaina naye, kila jioni, alikuwa na mto mzima wa kuvuka na pirogi iliyojaa watu. Sijui aliwaambia nini. Najua tu kwamba baada ya siku chache moshi ulikuwa ukipanda kila ua wa Alunguli, na ukisimama kwenye dirisha la laboratwari, ambapo sikuruhusiwa tena kusimama, ungedhani ng'ambo ya pili wanapika chakula cha taifa zima. Kuni zilipotea sokoni. Wauza makala walikuwa wakubwa kuliko makamishna. Hakuna aliyesema neno baya juu ya chama wala juu ya direkta. Watu walikuwa wanachemsha maji tu, na sheria ya kukataza hiyo ilikuwa bado haijatungwa.

Kwa hiyo mkija kuambiwa, na mtaambiwa, "ngojeni kidogo rangi irudi, ongezeni tone, ongezeni lingine," nyinyi msijadili siasa. Semeni mlipoiona ikitoka. Semeni wawili. Kisha mwende bombani na bidoni zenu.

Sherehe ilifana. Mgeni wa Bukavu alifika, tukacheza mpaka viatu vikaomba msamaha. Sitwayeni Ekanga akahutubia juu ya maji safi ya Kindu, maji kama umande, na wanawake wote waliokuwa uwanjani wakampigia makofi kwa nguvu, wakiwa wamevaa vikwembe vya chama vinavyonuka moshi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa napanga magunia ya aluni chini ya dirisha la chumba cha kuoshea chupa. Nikaona mke wa direkta anaingia langoni. Hakuwahi kukanyaga kiwandani tangu waje. Alikuwa peke yake, bila dereva, na hakwenda upande wa ofisi. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye karo alipokuwa Zaina, mikono yake ndani ya povu. Wakaamkiana. Wakaulizana habari za watoto, na mama yule akasema mtoto wake mdogo anaharisha tangu juzi. Kisha akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa na masikio ya masomo ya jioni, yaliyozoea kusikia mwalimu asiyeonekana.

"Mama Zaina, niambie. Ile maji, kwangu nichemshe?"

Zaina hakutoa mikono kwenye povu. "Mama, miye siku hizi ni wa kuosha chupa. Mambo ya klori iko kwa bwana yako. Umuulize."

"Nilimuuliza," akasema yule mama. "Njo yeye amenituma kwako."

Zaina akainua kichwa. Akatikisa mikono, akaifuta kwenye kikwembe bila haraka, akamwambia achemshe mpaka yarukeruke, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na mtoto anyweshwe kidogo kidogo.